Pasi ya Kumfuata Mke

Newala, 20 Agosti 1956

Kwa Bibi Nesi Lois, hospitali ya misheni, Kota Kota, Nyasaland

Mke wangu,

U hali gani huko? Kile kikohozi ulichoondoka nacho kimepona? Mimi mzima kama mpingo, ila mdomo unakauka kwa kukosa mtu wa kugombana naye. Mama yako hajambo, anakusalimu. Tangu misheni wakuhamishie huko, ananitazama kama jembe ambalo mwenyewe kaliacha kwa jirani. Mkwe kukaa uani kwa watu bila mke, Lois, ni aibu tupu. Nateremka bondeni na wanawake kuchota maji. Jana mmoja kaniuliza kama nami nataka kusukwa nywele. Nikamwambia zangu zitasukwa Nyasaland.

Sasa sikia. Kazi nimeshaanza kutafuta. Nimemwandikia Sista wenu mkuu kwa mkono wangu, tena kwa wino. Nimemwambia mumeo ni dereva, seremala, mpishi wa Kizungu na karani. Achague mwenyewe, mimi sina choyo. Usicheke. Si nimewahi kukaa mbele kwenye lori mpaka Masasi? Na mpishi wa Padri si nimemwona akipika kwa macho yangu haya mawili? Darasa la nne si mchezo, wangapi wameishia la pili?

Pasi ya kuvuka nchi isikuhangaishe. Naingia boma asubuhi, natoka mchana na karatasi. Karani wa pale ni Cecil, tuliyesoma naye Masasi, alikuwa akinakili hesabu zangu. (Haya, mimi ndiye nilinakili zake. Hayo ni ya zamani.)

Kung'uta godoro.

Mumeo,
Danieli

—

Kota Kota, 9 Septemba 1956

Mume wangu Danieli,

Barua nimeipata, nikashukuru kujua mdomo ni mzima. Viungo vingine sikuwa na wasiwasi navyo. Kikohozi kimekwisha. Mama mpe shikamoo yangu, mwambie nakula vizuri, samaki hapa ni kama majani.

Sista kaniita ofisini na barua yako mkononi. "Lois, mumeo ana miaka mingapi?" Nikasema ishirini na mbili. "Kazi zote hizi alijifunza lini?" Danieli, nilitamani kuingia chini ya meza. Nikamwambia kweli: ni kijana wa darasa la nne, ana nguvu, haibi, hanywi sana, anaongea. Alicheka mpaka akavua miwani.

Akasema ipo kazi ya dobi. Utafua mashuka ya wagonjwa na kuyapiga pasi. Na nyumba moja ya wenye ndoa iko wazi, vyumba viwili, bati juu. Kazi na nyumba atakuwekea mpaka sikukuu ya Mtakatifu Andrea, tarehe 30 Novemba. Siku hiyo ikipita, yuko dobi mwingine anangoja, ana mke na watoto watatu. Mimi nitabaki bweni la manesi mpaka mkataba wangu uishe, na mkataba ni miaka mitatu. Umesoma? Mitatu.

Boma wanataka vitu vinne: barua ya kazi, ambayo nimeitia humu, cheti cha ndoa, kachukue kwa Padri Silvano, tiketi yako ya kodi, na cheti cha kuchanjwa ndui. Vinne, Danieli. Usiwatungie cha tano.

Je, umekwenda Makote kumuaga Mjomba Nikolao? Hujamtaja.

Mkeo,
Lois

—

Newala, 2 Oktoba 1956

Mke wangu Lois,

Salamu nyingi, na za mama yako zikiwa juu yake. Mimi mwili mzima, moyo una homa.

Kwanza hilo la dobi. Mimi, Danieli, nifue mashuka! Nilinuna siku nzima. Kisha nikafikiri: hapa Newala debe moja la maji linanawisha watu sita na la saba anapanguswa. Huko nitamwaga maji mpaka majirani waje kutazama. Mwambie Sista nimekubali, ila aelewe anapata bahati.

Sasa balaa. Nimekwenda boma na karatasi zangu nne. Cecil kazipanga mezani kama mcheza karata, kakuna kichwa. "Cheti cha ndoa kinasema Danieli Isaka. Tiketi ya kodi inasema Nandonde Nikolao. Mume wa Lois ni yupi?"

Wewe unajua ilivyokuwa. Nilipotoka jandoni nilipewa jina jipya, na aliyeniita kwa la zamani nilimkunjia ngumi. Siku zilezile mwandishi wa kodi akapita Makote. Jina lako nani? Nikamtajia jipya, kifua mbele. Mtoto wa nani? Nikasema wa Nikolao, maana kwetu mtoto ni wa mjomba, baba ni mgeni mwema. Tangu hapo kanisani mimi ni Danieli wa baba yangu Isaka, na kodi nalipa mimi, anaandikwa Nandonde.

Nikamwambia Cecil, "Si unanijua tangu kaptura zetu zina viraka?" Akajibu, "Kukujua kwangu si karatasi." Akanipeleka kwa Bwana Shauri, ofisa wa wilaya. Huyu ni mgeni, shingo bado nyekundu kwa jua. Akasema hizi ni karatasi za watu wawili, pengine moja imeibwa. Tena akauliza mbona mume ndiye anamfuata mke. Yeye amezoea mke kumfuata mume. Akaniamuru nimlete aliyenipa jina atoe ushahidi. Yeye anakwenda safari vijijini, atarudi boma tarehe nane Novemba.

Aliyenipa jina ni Mjomba. Lakini msimu wa korosho umeanza, ana kazi nyingi. Nimesikia sokoni kuna fundi anafuta wino kwa ndimu, anaandika jina lolote juu yake, huoni hata alama. Naona hiyo ndiyo njia fupi.

Mumeo, mmoja tu,
Danieli

—

Kota Kota, 20 Oktoba 1956

Danieli,

Salamu utazikuta mwishoni, mwanzo huu ni wa hasira.

Ndimu ni ya samaki. Ukiigusa tiketi ya Serikali kwa ndimu utalala jela ya Newala, na mimi nitawaeleza nini wenzangu? Kwamba mume wangu alikuwa mmoja akafungwa wote wawili?

Nimekuuliza habari ya Mjomba, umenijibu korosho. Basi nimejua: hujamuaga. Tangu Agosti unatangaza safari kwa Sista, kwa karani na kwa wanawake wa bondeni, na aliyekulea hajui. Bwana Shauri humwogopi, unamwogopa mzee mmoja wa Makote asije akasema "usiende". Nenda leo. Akikukasirikia, inama. Akikataa, nitajua amekataa yeye, si wewe uliyeshindwa kuuliza.

Mke wa yule dobi mwingine alipita hapa juzi, akaingia ile nyumba akapima madirisha kwa kamba, ya mapazia. Nilimwamkia vizuri. Kisha nikaenda stoo ya mablanketi, nikakaa huko mpaka macho yakakauka.

Mimi mzima. Mama mpe shikamoo.

Mkeo,
Lois

—

Newala, 9 Novemba 1956

Mke wangu, nesi wangu, Bwana Jaji wangu,

Habari za siku nyingi? Mama yako mzima, anapika, anaimba. Mimi mzima kabisa, na hapa kuna mhuri. Ngoja nieleze kwa taratibu, maana nimejikalia kitako kama mzee.

Nilikwenda Makote. Nimemkuta Mjomba anaanika korosho. "Shikamoo Mjomba." Hakugeuka. "Marahaba. Umekuja kuniaga, au umekuja kuniambia hali ya hewa?" Lois, alijua! Mama yako alimwambia tangu Agosti. Miezi mitatu mzee anakaa anangoja nije niseme mwenyewe, na kila nikipita naongea habari za mvua. Nikapiga magoti kwenye korosho zenyewe, zinachoma. Nikasema, "Mjomba nimekosa, nilidhani utanizuia." Akasema, "Nikuzuie ili iweje? Korosho nitaokota na watoto wa dada zako. Wewe ulikuwa unakula kuliko unachookota." Kisha akanishika kichwa. Macho yangu yakatoa maji, ni yale mafuta ya korosho, yanawasha sana.

Jana tukaingia boma. Mjomba kavaa kanzu ya Pasaka. Akaeleza majina yote mawili, nani aliyanena na siku gani. Bwana Shauri akaandika. Akafika pale pale: "Na kwa nini mume amfuate mke?"

Mjomba akashangaa kweli. "Sasa amfuate nani, Bwana? Mimi nilizaliwa Mahuta, Makote nilimfuata mke. Baba yake huyu alimfuata dada yangu. Watu wote unaowatoza kodi wanakaa kwa wake zao. Na huyu karani wako, hebu muulize analala uani kwa nani."

Bwana Shauri akamgeukia Cecil. Cecil akaitazama kalamu. "Kwa mama mkwe wangu, Bwana." Askari wa mlangoni alicheka mpaka akaegemea ukuta. Bwana Shauri naye akauma mdomo, akaandika: Danieli Isaka, ambaye pia ni Nandonde Nikolao, anakwenda kukaa kwa mkewe kufuata mila ya kwao. Pa! Mhuri. Nimeugusa kwa kidole, bado una unyevu, sasa kidole changu cha shahada ni cha Serikali.

Kesho nateremka Masasi, Jumatatu lori la Tunduru na Songea, kisha Mbamba Bay kungoja meli. Mvua isipokata barabara nitawahi. Nimezihesabu siku mara nne kwa vidole, na mara zote nne nimewahi, moja kwa shida. Mwambie mwenye kamba afunge kamba yake.

Mumeo, wote wawili,
Danieli

—

Kota Kota, 28 Novemba 1956, kwa mkono wa Mabel

Mume wangu,

Karibu. Pole na safari. Meli imepiga honi nikiwa nimemshika mkono mama anayejifungua, ni uzazi wake wa kwanza, anaogopa, siwezi kumwachia. Mabel ni nesi mwenzangu. Nimemwambia asisumbuke kuuliza jina, amfuate tu mwanamume anayeongea kuliko wote gatini.

Ufunguo anao yeye. Ni nyumba ya mwisho, yenye mlango wa kijani. Maji yamo kwenye pipa, oga yote ukitaka. Wali uko kwenye sufuria, samaki juu yake. Kwa Sista utakwenda kesho saa moja, leo usimtokee na hilo vumbi.

Miguu inaniuma, nina usingizi wa wiki tatu, na sijui kwa nini nacheka peke yangu wodini. Mgonjwa wangu ananiuliza kuna nini. Barua hii usiijibu. Mtoto akitoka tu, nakuja.

Mkeo,
Lois