Pima ya Baba

4 Mei

Baba mpendwa,

Shikamoo. Habari za hapo, na afya? Mimi mzima ila mabega yanawaka moto. Miaka thelathini na minne si mchezo. Kocha anapunguza watu wawili kwenye timu ya kayaki, na kwa muda wangu mmoja wao ni mimi. Nikikosa safari hii sina mwaka mwingine.

Amenipa kafi la kisasa, mabapa yake ya kuvutia maji yamebonyea kama upawa. Linashika maji vizuri, ila baada ya kilomita tano bega linalia. Nichongee kama lile lako la bapa jembamba nilinganishe. Pima yetu ni moja, vipimo vyangu vya nini?

Mwanao

29 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, hofu ni kwako. Kafi hilo. Nimelipima kama siku zote: nimenyoosha mikono yote miwili, ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, nikaongeza dhiraa moja. Usilivute kwa pupa kama mtu anayegombea maji ya bomba. Bapa jembamba linachelewa kuanza, lakini halimmalizi mtu. Hao wenye makafi ya plastiki waache watangulie.

Baba yako

10 Juni

Baba,

Shikamoo. Umeamkaje? Nimeyajaribu makafi matatu, kilomita kumi kila moja. La kocha, dakika hamsini na nane. Lako, sitini na moja, na bega halikuuma hata kidogo. La klabu lenye bapa pana, sitini na tatu, na nilitapika.

Ila lako ni fupi kwa shibiri nzima. Wewe hujawahi kukosea pima. Baba, mikono yote miwili inanyooka kweli?

Mwanao

15 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Ufupi nimekusudia, kwa ajili ya mawimbi. Kazana na majaribio, mambo ya mikono ya wazee yaache. Mimi mzima.

Baba yako

2 Julai

Baba,

Shikamoo. Nimechaguliwa. Wa mwisho, lakini nimo. Nilitumia la kocha. Lako nililiacha chumba cha vifaa. Nilitaka kukudanganya nikaona uongo wako unatutosha sote wawili.

Tunaondoka kwenda mashindanoni tarehe thelathini. Niambie ukweli. Kama unaumwa, nafasi naiachia, nakuja. Nimechoka, Baba, usinizungushe.

Mwanao

9 Julai

Mwanangu,

Marahaba, na hongera. Barua yako nimekaa nayo siku mbili. La kocha ndilo lenye kasi, hilo nililijua kabla sijashika patasi. Nilitaka tu ubebe kitu changu.

Mkono wa kushoto umelala tangu Machi; kafi nililichonga kwa mmoja, mti nimeubana kwa magoti. Sikukwambia kwa sababu ungekuja, na ungekuja kweli, nakujua. Sasa nimesema, na bado nakuomba usafiri. Kapige makafi yako, umalize, ndipo uje. Daktari hana haraka nami.

Ukija, njoo asubuhi mapema. Fundi viatu wa jirani ndiye hunifunga vifungo vya shati, na namwonea haya.

Baba yako