Pijo ya Baba Mkwe

Jumatatu, 9 Juni

Nimesugua hedi, kifuniko cha juu cha injini, tangu asubuhi kwa mafuta ya taa. Vidole vimekufa ganzi. Baridi ya Juni ya Iyunga haina huruma.

Pistoni mpya zimo, ringi zimo, slivu nne, mirija ambamo pistoni hupanda na kushuka, zimekaa kwenye gasketi zao za chini. Imebaki hedi. Pijo 404 hii, gari la baba mkwe, haijatoka bandani miaka kumi na minne. Mnunuzi wa vyuma chakavu wa Uyole anakuja Jumamosi ya tarehe 28. Mzee keshakubali: ikiwaka kabla ya hapo inabaki, isipowaka inakatwa vipande. Ambokile, mume wangu, aliniambia hayo huku anatafuna ndizi, kama anayetaja bei ya mbolea. Nimeomba ruhusa gereji mwezi mzima.

Naitaka iwake. Miaka tisa natengeneza malori ya watu, na kwenye nyumba hii bado mimi ni mkamwana anayenuka grisi.

Jumatano, 11 Juni

Balaa.

Kwa Wanyakyusa wa ukoo huu, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Hakuna salamu, hakuna kutajana majina, hakuna kutazamana. Akija huku, mimi naenda kule. Mwaka wa kumi na moja wa ndoa huu, na uso wake siujui vizuri. Namjua kwa kikohozi na viatu. Kwetu Kihesa, Iringa, mkwe unampa salamu ya "kamwene" na maisha yanaendelea. Hapa nilijifunza kukimbia.

Leo nilikuwa natafuta washa za kubania slivu. Kikohozi mlangoni. Nikajirusha nyuma ya magunia ya mahindi. Mzee akaingia, akatungua hendeli ya kuzungushia injini ukutani, akaichomeka mbele ya gari, akazungusha. Taratibu. Mizunguko mitatu.

Hedi haipo! Slivu hazijabanwa! Pistoni ikipanda, inapanda na slivu yake, na gasketi ya chini inachanika. Hapo maji yana njia ya kwenda kwenye oili. Ningepiga kelele. Sikupiga. Nilijiziba mdomo kwa kiganja kama mwizi.

Akatoka. Slivu ya pili ilikuwa imenyanyuka. Nimeigonga kwa gogo ikarudi. Labda imekaa.

Jumamosi, 14 Juni

Nimefunga hedi. Najua nilipaswa kuitoa ile slivu nikague. Haraka haraka haina baraka, nami nimeichagua haraka kwa macho makavu.

Imewaka saa nane mchana. Mabati yametetemeka, mama mkwe kapiga vigelegele, kuku wametawanyika. Dakika kumi za utukufu. Kisha nikachomoa kijiti cha oili. Rangi ya chai ya maziwa: maji yameingia. Nikazima.

Ambokile kasema, mbele ya mama yake, kwamba huenda injini za zamani zinataka fundi mwanamume. Nikisema ukweli namshitaki baba yake. Nisiposema, kosa ni langu peke yangu. Na nusu yake ni yangu kweli. Nina hasira na kila mtu, na yale magunia pia.

Jumanne, 17 Juni

Gasketi za chini hakuna. Nimezunguka Mbeya mpaka viatu vimeomba radhi. Muuza spea mmoja kanionyesha picha kwenye simu, akauliza, "Ndiyo hii, mama?" Ilikuwa gasketi ya lori.

Silali vizuri. Siku kumi na moja.

Alhamisi, 19 Juni. Kihesa

Nimekuja Iringa kwa basi la jana. Nimelala kwa mama, kanipa ugali na matusi ya mapenzi kwa kukonda.

Leo nimekwenda kwa Mzee Salum. Duka lake la spea lilifungwa zamani, lakini vya Pijo kavihifadhi uvunguni mwa kitanda. Seti moja tu ya gasketi. Hakuitoa hivihivi. Alinihoji kama ninayeposa binti yake: slivu inatakiwa ichomoze kiasi gani juu ya bloku? Nikamjibu jicho lisione, ukucha ukwame. Akatabasamu, akainama uvunguni.

Akauliza za kwanza ziliharibikaje. Nikamweleza yote; ndiye mtu wa kwanza kuambiwa. Alicheka mpaka kofia ikadondoka. "Mvalishe mkweo njuga, binti yangu, umsikie akiwa mbali!"

Nilicheka pia. Kwenye basi la kurudi sikucheka.

Jumapili, 22 Juni

Kanisani sikusikia mahubiri. Nilikuwa nahesabu boliti.

Jumatano, 25 Juni

Hedi nimeitoa tena. Gasketi za Mzee Salum zimekaa, slivu zimekaa. Nimepima kwa ukucha, zote sawa. Nimebana mbili. Nikainuka kuchukua washa za mbili zilizobaki.

Kikohozi.

Miguu ilikimbia kabla yangu. Magunia. Viatu vyake. Hendeli ikatoka ukutani, ikaingia tunduni. Nikaona seti pekee ya Nyanda za Juu zote inakwenda kuchanika mbele yangu, kwa heshima.

"Baba, acha! Usizungushe!"

Hendeli ilianguka sakafuni. Viatu vilisimama muda mrefu. Kisha vikageuka vikaondoka. Slivu zote nne nimezibana.

Alhamisi, 26 Juni

Nyumba imenuna. Mama mkwe anasema sauti yangu ilifika hadi kwa jirani, itabidi nitoe kuku wa kuomba radhi. Nimetoa tetea wangu anayetaga. Roho imeniuma.

Ambokile kauliza kilichonipata. Nimemwambia yote, la kwanza na la pili. Akasema baba yake huzungusha ile hendeli kila Jumatano tangu gari lilipozimika, ili injini isigande. Miaka kumi na minne. Mimi Jumatano huwa gereji, ningejuaje? Kumbe ndiyo maana nilipoifungua pistoni hazikuwa zimeshikana.

Mtu anayefanya hivyo hataki kuuza chuma chakavu. Amechoka kungoja tu. Nimelia kidogo, nikarudi kufunga hedi.

Ijumaa, 27 Juni

Imewaka. Nusu saa. Oili safi. Nikazima, nikawasha, nikakagua tena. Mara nne. Sikumwita mtu. Naiogopa furaha.

Jumamosi, 28 Juni

Mwenye vyuma chakavu kaja na lori na mitungi ya gesi. Mzee katuma neno moja kupitia kwa Ambokile: arudi zake.

Na la pili: kesho atakwenda kanisani na gari lake. Ambokile hajui gia za kwenye usukani. Mzee macho hayamruhusu. Kila mtu kanitazama, kisha akatazama chini.

Jumapili, 29 Juni

Baridi, ukungu hadi saa tatu. Tairi za kuazima. Nilitangulia kuingia. Nikakigeuza kioo cha ndani kikatazama paa, ili macho yasikutane. Mlango wa nyuma ukafunguliwa, ukafungwa. Kikohozi.

Tulipita njia ya ndani, ya vumbi. Kwenye kilima cha kanisa injini ikaanza kulalamika, mimi nimeng'ang'ania gia ya nne kwa woga.

"Rudisha tatu, mama," mzee akasema kutoka nyuma.

Nikarudisha.