Shika Ukingoni

Mwanangu kipenzi,

Sisi wazima, na paka amezaa tena ndani ya kabati la viatu. Vile viatu ulivyoniletea vinanibana, lakini nimevivaa hivyo hivyo hadi sokoni ili shangazi yako avione.

Sarafu ya mwaka huu uliyomtumia baba yako imefika. Unajua zile sarafu zake za fedha zilivyokuwa wake wenza wangu: kila moja na kijumba chake cha plastiki, na mimi hata kupuliza vumbi nisithubutu. "Shika ukingoni! Ukiifuta tu umeikwaruza, thamani kwisha!"

Sasa sikia. Jumatatu nimemkuta uani amezitoa zote, anazisugua kwa dawa ya meno. Zinameta kama sufuria mpya, na hakuna hata moja iliyopona mikwaruzo. Nilicheka, mwanangu. Nikadhani ananitania.

Akaichukua ile mpya, akaniwekea kiganjani, akanifunga vidole juu yake.

"Dada," akaniambia kwa adabu kabisa, "ukimwona mke wangu, mpe hii. Miaka yote nilimkataza kuzishika."

Nikamwambia nitampa. Akanishukuru, akaendelea kusugua.

Usitume nyingine. Njoo wewe, na uje mapema, angali analikumbuka jina lako. Analitaja kila asubuhi.

Hiyo sarafu ninayo mfukoni mwa gauni. Kila nikiitoa kuitazama, naishika ukingoni.

Mama yako,
mke wa baba yako