Mzee Aliyembariki Daktari

Ngorongoro, Jumatano

Shikamoo Baba,

Kazi yangu huku ni kumwandikia daktari majibu ya wazee anaowahoji. Anachunguza kama tumbaku na vyakula huvimbisha mshipa mkubwa wa damu tumboni. Leo aliinama kusikiliza tumbo la mzee wa Kimaasai. Mzee akadhani anaamkiwa, maana watoto wao huinamisha kichwa. Akamwekea mkono utosini: "Hujambo, mtoto wangu!" Daktari, na mvi zake, akajibu, "Sijambo, baba." Boma zima likacheka, hata mimi mwenye haya.

Nikapata ujasiri wa kumtajia kiko chako. Anasema mshipa huo huvimba bila kuuma, ila ukionekana mapema hutibika. Jumamosi tutakuwa Karatu. Njoo, Baba, nakuomba. Akiinama, mbariki na wewe. Kiko mwachie Mama, na ukirudi usimdai.

Binti yako akupendaye,
Paskalina