Wakili Projestus Karugendo na Safari ya Goziba

Mwaka mzima umepita, Baba Jovita, tangu asubuhi ile ulipochukua kofia na mkoba wako ukaniambia, "Nakwenda Kemondo kupanda mtumbwi. Kesho tutakula sato." Mtumbwi ulipinduka kabla ya kufika kisiwa cha Goziba. Ziwa lilikurudisha kwetu, tukakuzika nyuma ya nyumba hapa Kagondo, kati ya migomba na mibuni uliyoipanda kwa mikono yako. Mpaka leo upepo ukigeuka nashindwa kukaa ndani.

Tunakuandikia kukukumbuka, lakini hatutakudanganya kwamba tumetulia. Wiki iliyopita Jovita, binti yetu wa kwanza, ambaye sasa yuko mwaka wa tatu wa sheria Chuo Kikuu, kule Mlimani, aliniomba ruhusa ya kwenda Goziba kumfuata shahidi yule yule ambaye ulikufa ukimfuata. Tangu aliponiomba sijala nikashiba.

Wengi wanaosoma tangazo hili gazetini hawakukufahamu, kwa hiyo uturuhusu tukusimulie mbele yao.

Ulianza ukiwa karani wa mahakama hapa Bukoba, enzi za Mwingereza. Uhuru ulipopatikana ulisema haiwezekani watu wa nchi huru wasomewe hukumu zao na kurudi nyumbani bila kuzielewa. Ukaenda Dar es Salaam kusomea sheria, mtu mzima mwenye mke na mtoto, darasani pamoja na vijana waliokuita Mzee. Ulipomaliza, kila mtu alijua utakwenda wapi. Mashirika ya umma yalikuwa yakizaliwa moja baada ya jingine na yote yalitaka wanasheria. Ulipewa nafasi nzuri, ukaja kuniuliza. Nikakuambia, "Dar kuna joto." Ukacheka mpaka ukakohoa, tukabaki nyumbani.

Siku za kazi ulikuwa ofisini mjini, ukishughulikia mirathi ya wenye maduka na mikataba ya vyama vya ushirika. Jumamosi ilikuwa ya barazani kwetu, na Jumamosi hakuna aliyelipa. Baada ya Azimio la Arusha walikuwapo waliosema wakili ni mnyonyaji aliyevaa tai. Uliwajibu, "Njooni Jumamosi muone nani anamnyonya nani. Hata chai yangu wanainywa wao." Mtu alipofika hukumuuliza kwanza shida yake. Ulimuuliza kama amekula. Kisha ulimpa punje za kahawa atafune, nawe ukatafuna, mpaka pumzi yake itulie.

Wakili haruhusiwi kusimama Mahakama ya Mwanzo, na kesi za vibanja, mashamba yetu ya migomba, huanzia huko. Basi ulitafuta njia yako: uliwafundisha watu kujisemea. Wewe ulikaa kwenye kiti cha kamba ukawa hakimu, mwenye kesi akasimama mbele yako, na mimi mkeo, mwenye maharage jikoni, nikaitwa kuwa mpinzani. Nimekuwa mwizi wa mbuzi. Nimekuwa baba mkwe mkorofi. Nimekuwa shemeji mwenye tamaa zaidi ya mara ninazoweza kukumbuka. Sikuwahi kushinda hata kesi moja, maana hakimu alikuwa upande wao na hakuona haya. Lakini aliyetoka barazani kwetu alikuwa ameshabishiwa na mtu mkali kuliko yeyote atakayemkuta mahakamani.

Likizo zilipofika, vijana wa sheria walikuja kutoka Mlimani kujifunza kwako. Mmoja wao, Mwijage, ndiye aliyekuuliza, "Mzee, kwa kweli mtu anaishije kwa kazi hii?" Ukamjibu, "Kwa kahawa ya mke wangu." Kisha ukaacha mzaha. Ukawaambia kwamba si lazima wote wakae barazani. Atakayekwenda serikalini, asimrudishe mjane nyumbani bila jibu. Atakayekwenda kwenye shirika, atoe siku za likizo yake. Atakayefundisha, awalete wanafunzi wake vijijini wawaone watu wenye kesi. "Lakini mmoja wenu lazima akae," ulisema. Sikupenda ulivyomtazama Jovita uliposema hivyo, na wakati huo mtoto alikuwa bado sekondari.

Ndipo alipokuja Ephrasia kutoka Muleba. Mumewe alikuwa amefariki na kumwachia mabinti tu, na shemeji yake Buberwa alidai kibanja kirudi kwa ukoo. Marehemu alikuwa ametamka mbele ya mashahidi kwamba mkewe akae pale mpaka mwisho wa maisha yake. Wawili walikuwa wa ukoo, na mmoja wa nje, Mustapha, mtu wa Rwamishenye aliyekuwa akipita kule kununua ndizi. Ulipomsikiliza ulisema hii ni kesi nyepesi.

Hatukujua alichokuwa nacho moyoni. Ephrasia alizaliwa katika shamba la nyarubanja. Wazazi wake walilima ardhi ya mkubwa, na kila msimu walimpelekea mkungu wa kwanza na pombe ya kwanza ili awalinde. Serikali ilifuta mambo hayo, lakini mtu haachi alichokulia kwa kusikia redio. Ulipokataa malipo yake, alijiuliza ni nani anayemlinda mtu bila kulipwa, akapata jibu moja tu: ni mwenye ardhi. Basi ndizi zilipokomaa alileta mkungu wa kwanza jikoni kwangu, akapiga magoti, akaondoka. Msimu uliofuata akaleta tena. Kwetu kapu la zawadi halirudi tupu, kwa hiyo nilimkimbilia njiani na chumvi na sabuni. Alikataa katakata. Nilidhani ni adabu iliyozidi. Tukazipika ndizi, tukala, nawe ukakisifu sana ekitoke cha Muleba.

Buberwa aliona kitu kingine. Alizunguka ukoo mzima akisema, "Mnaona? Wakili analetewa mkungu wa kwanza. Huyo ndiye mwenye nyarubanja wetu mpya. Mkitoa ushahidi, kibanja cha babu kinakwenda Kagondo." Mashahidi wawili wa ukoo wakajitoa. Ulipomuuliza Ephrasia habari za ndizi, alishangaa kuulizwa. "Waitu Ta Projestus, si wewe ndiye mwenye mimi sasa?" Ulishika kichwa kwa mikono yote miwili. Alasiri nzima ulikaa naye ukimweleza kwamba kibanja ni chake, kwamba hana mwenyewe ila Mungu, kwamba msaada wa sheria haudai ndizi. Alilia, akasema hakuna mtu aliyewahi kumwambia hivyo.

Akabaki Mustapha peke yake, na Mustapha alikuwa ameshahamia Goziba kwenye biashara ya dagaa. Ndiyo safari ile.

Tangu tukuzike, kesi imeahirishwa mara kwa mara, na sasa hakimu amesema mara hii ni ya mwisho. Asipoletwa shahidi wiki ijayo, Buberwa anachukua. Shamsa, mke wa Mustapha aliyebaki Rwamishenye, alituma salamu kisiwani kupitia kwa wavuvi. Jibu likarudi kwa mdomo: "Nilisikia wakili alikitaka kibanja. Kama ni uongo, aje mtu wa nyumba ile nimwone usoni, nitakuja kusema." Mtu wa nyumba ile! Rweyemamu, mdogo wake Jovita, bado ni mtoto. Mimi nikiona maji ya ziwa hata kutoka barabarani nageuka nikarudi nyumbani. Umeshaelewa ni nani aliyebaki.

Jovita alikuwa amepangiwa mafunzo ya likizo katika shirika moja Dar es Salaam, na anayefanya mafunzo pale kwa kawaida huajiriwa pale. Aliyaacha. Akapanda treni mpaka Mwanza, akapanda meli, akaja. Nilimwambia sheria iko Dar pia. Nilimwambia baba yako alijua kuogelea, na bado. Nilimwambia na mengine ambayo nitayapeleka kwa padri.

"Mawe, mama yangu," akasema, "kule Dar tuko wengi. Ephrasia ana nani?"

"Ana Mungu," nikamjibu. "Na mimi nina nani?"

Tuliendelea kumenya ndizi.

Jumamosi Ephrasia alikuja kufanya mazoezi. Jovita akakaa kwenye kiti chako, mimi nikawa Buberwa. Siku hiyo nilikuwa na hasira na kila mtu, kwa hiyo nilikuwa Buberwa hodari sana. Nilimbana Ephrasia kuhusu ndizi: kwa nini ulizipeleka Kagondo, nani alikuwa bwana wako? Akajibu vizuri, kichwa juu, kama ulivyomfundisha. "Sikujua kwamba mtu anaweza kusaidiwa bila kutawaliwa. Sasa najua." Nikamuuliza, "Basi shahidi wako yuko wapi?"

Akanitazama. Hakumtazama Buberwa, alinitazama mimi, Georgina. Akapiga magoti pale pale kwenye saruji.

"Waitu Ma Georgina, Buberwa akichukue. Kibanja kile kimeshakula mtu mmoja wa nyumba hii. Mtoto asiende. Mimi nitahamia kwa binti yangu, nitalala jikoni kwake, sitakosa mahali."

Nilifurahi, Baba Jovita. Wewe siwezi kukuficha. Moyo uliruka kwa furaha: mtoto wangu haendi! Halafu nikaona niliposimama. Miaka yote ile ya kushindwa barazani kwako, na siku niliyoshinda kesi niliishinda nikiwa Buberwa. Ephrasia alikuwa chini kwa magoti, vile vile wazazi wake walivyowapigia wakubwa, na mkubwa aliyesimama mbele yake nilikuwa mimi.

Nikamwinua. Nikageuka kwa Jovita nikasema, "Nenda." Hakuniuliza mara ya pili, alijua ningeghairi.

Mtumbwi niliuchagua mwenyewe. Nilimsaili nahodha kama anayekuja kuposa: anakunywa? Ana watoto? Amewahi kukataa kusafiri kwa sababu ya mawingu? Alisema amewahi, mara nyingi, na watu humcheka. Huyo ndiye niliyemtaka. Mwijage, ambaye siku hizi ni mwanasheria wa shirika, ametoa likizo yake kama ulivyowaagiza, amekwenda naye. Niliazima jaketi la kuokolea maisha kwa watu wa meli, nikamfunga Jovita kamba zote kwa mikono yangu. Akaona haya mbele ya wavuvi. Na aone haya.

Leo padri anakusomea misa, na najua atakuombea pumziko la milele. Sisi pia tunakuombea, lakini kwa siku mbili hizi usipumzike sana. Angalia upande wa ziwa.

Wanaokukumbuka ni mimi mkeo Georgina, ninayeandika huku kila mara nikitoka nje kutazama barabara ya Kemondo. Mama yako mzazi, Ma Kemilembe, ambaye bado anakutengea chakula na hatumkatazi. Mwanao Rweyemamu. Ukoo wote wa Kagondo. Ephrasia wa Muleba na binti zake, ambao si ndugu, lakini wamekataa kuachwa nje ya tangazo hili. Na Jovita.

Jovita aliondoka jana alfajiri, na tulimtazamia asubuhi ya leo. Hajafika. Watu wa Kemondo wanasema upepo ulikuwa mkali, na nahodha mwenye akili angelala Goziba. Tunajilazimisha kuamini kwamba wetu ana akili. Wachapaji hawawezi kutusubiri, tangazo linatoka mikononi mwetu sasa hivi. Jina lake tumeliandika hapa, pamoja na walio hai wanaokukumbuka, na hapa ndipo tunataka likae.

Tutakukumbuka siku zote za maisha yetu, Projestus. Lakini huyu hatukupi.