Kaka na Kichwa Kipana

Nyumba za Reli, mlango wa mwisho
Jumapili, 9 Juni

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini magoti yamepunguza hasira na unapata usingizi. Huku hatujambo, tukimwondoa mama. Kikohozi kimemng'ang'ania, ila nguvu za kugombana na majirani bado anazo. Mimi nipo karakanani, grisi hadi kwenye kucha.

Umeuliza kwa nini wamejenga reli nyingine ubavuni mwa ile ya zamani, na kama vichwa vya treni vina tofauti yoyote ya maana. Vina. Reli ya zamani ina upana wa mita moja. Mpya inaizidi kwa karibu dhiraa. Dhiraa hiyo ndiyo yenye maneno yote.

Kichwa chembamba ni chepesi na kinapita kwenye kona kali, kwa hiyo wajenzi wa zamani waliuzunguka mlima badala ya kuupasua, wakaokoa gharama. Lakini ukikipa injini kubwa kinayumba. Ndiyo maana lile garimoshi la mvuke la babu lilikuwa na viungo, tangi la maji mbele, makaa nyuma, boila katikati. Walipokosa upana waliongeza urefu.

Kipana kimekaa kitako. Kinakimbia, na kinavuta kwa mara moja mzigo ambao chembamba kingeuhangaikia safari kadhaa. Ila kina makuu: kinataka njia iliyonyooka, milima ikatwe na mabonde yafukiwe.

Sasa habari ya kaka. Madereva wote wa reli ya zamani, ambayo sasa inafungwa, waliambiwa wafanye mtihani wa kichwa kipana, na atakayefeli hataendesha abiria tena. Kaka unamjua, kazi nyingine haijui wala hataki kuijua. Alisoma mpaka shemeji akalalamika kwamba ameletewa mke mwenza, na mke mwenza mwenyewe ni kitabu cha breki.

Siku ya mtihani aliondoa treni vizuri, mkaguzi pembeni yake, mimi nyuma yao kama fundi wa zamu. Baada ya daraja reli mpya inakwenda moja kwa moja, lakini ile ya zamani, ambayo unaiona dirishani, inakata kushoto ghafla. Hapo kaka akafunga breki. Treni nzima ikajikongoja kwenye njia iliyonyooka kama rula.

"Mbona unafunga breki?" mkaguzi akauliza.

"Si kona hiyo?"

"Kona iko wapi, mzee?"

Kaka akatazama mbele, akatazama kushoto, akaachia breki. Mazoea yana taabu. Mkono ulifanya kile ulichokuwa ukifanya pale tangu ujana wake.

Wiki iliyofuata alirudia. Aliomba atundike koti kwenye dirisha la kushoto asiione reli ya zamani. Mkaguzi akakataa, na simlaumu. Dereva asiyetazama nje si dereva. Tulipovuka daraja, breki ile ile. La kuvunda halina ubani, Shangazi. Usimpigie kumpa pole, atakukatia simu.

Amepewa treni ya kung'oa reli ya zamani, kwa kichwa chake kile kile chembamba. Anasogea hadi njia inapoishia, vibarua wanapakia vyuma na mataruma yaliyovibeba, anarudi nyuma kidogo, wanang'oa pale alipokuwa amesimama. Nilidhani atakataa. Alisema tu, "Acha niing'oe mimi. Mgeni angeipigapiga bure."

Roho inaniuma, nakuambia wewe tu. Hapa nyumbani hakuna anayelizungumza.

Wasalimie mjomba fundi cherehani na wale mapacha wako watundu. Mama anakusalimu, shemeji pia. Mungu akuzidishie afya na majirani wapole.

Kaka naye anakusalimu. Jana nilimuuliza, wakifika hapa stesheni na kubaki kipande cha reli kilicho chini ya kichwa chenyewe, atafanya nini. Akasema atazima injini, atashuka, na atawapisha wafanye kazi yao.

Ni mimi mwanao, nisiyekusahau,
Fundi Grisi