Nyambizi Iliyonirudishia Sauti

Saa nne na robo asubuhi, nyambizi ya adui ilipiga mbizi na kujificha mbele ya manowari zetu mbili. Ndiyo, nilikuwa kwenye gemu ya mtandaoni. Alfajiri nilimwandikia bosi kwamba koo limefunga, sina sauti kabisa, siji kazini.

Sasa sikia. Nahodha wa manowari ya pili anafungua maiki: "Jamani, tufuate utaratibu!"

Mwenzangu, ni BOSI. Bosi wetu! Yule aliyeaga kwamba ana kikao na wakaguzi hadi mchana!

Nikafyata ulimi. Nikitoa neno, kazi sina. Lakini meli yake ikizama timu nzima inashushwa daraja, na yeye anakwenda mstari mmoja tu, hapindi. Nyambizi inawapenda watu wa namna hiyo. Nikaona torpedo mbili, yale makombora ya chini ya maji, zinamjia ubavuni, naye bado anahutubia.

Ikanitoka: "Bosi, kata kushoto! Kata!"

Nimemwita bosi. Bosi! Tena kwa sauti ya mpiga mnada.

Akakata. Torpedo zikapita. 

Kisha: "Wewe si huna sauti?"

"Na wewe, bosi, si uko kikaoni?"



"Niko kikaoni," akasema. "Haya, nyambizi iko wapi?"